Mazungumzo ya Nyumbani: Mbatata Zilizogeuka Kijani

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya adabu za mgeni na mwenyeji, lakini imetufikia barua ya mama mmoja wa hapa Tanga, nasi tumeona mgeni na angoje kidogo, maana jambo aliloliuliza mama huyu limo katika kila jiko.

Aeleza kuwa mumewe alinunua kwa bei nafuu gunia la viazi ulaya, ambavyo wengi wetu pwani twaviita mbatata. Stoo yao ni ndogo, kwa hivyo gunia likawekwa barazani, mdomo wazi. Baada ya majuma mawili, alipokwenda kuchukua za kupika, akaona zile za juu zimegeuka rangi ya kijani, na nyingine zimeanza kuchipua. Akataka kuzitupa. Mkwewe, mama wa mumewe, akamzuia, akamwambia kuwa kutupa riziki ni israfu, na kwamba hapana ubaya usioshindwa na moto. Mama huyu ana watoto wanne, na mdogo wao ana miaka mitatu. Sasa auliza: azipike au azitupe? Akizitupa, je, atakuwa amefanya israfu? Na tena, maganda na zile mbovu, aweza kuwapa mbuzi wake?

Barua hii imenigusa kuliko nyingine nyingi, na sababu yake nitaieleza, ingawa hainiletei sifa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa Ramadhani, Mwislamu mmoja mwenye kupenda kheri alitutolea sadaka ya magunia mawili ya mbatata kwa ajili ya futari ya watoto wa madrasa. Hatukuwa na ghala. Tuliyaweka ukumbini, penye dirisha kubwa la mashariki, na jua la asubuhi likawa layapiga kila siku. Gunia la kwanza tulilila likaisha salama. Tulipofungua la pili, mama mpishi wetu, ambaye ni mtu mzima kuliko mimi na amepikia halaiki za watu tangu ujana wake, akanijia na mbatata moja mkononi. Akasema: “Maalimu, hizi zimekuwa za kijani, nami nimechemsha moja nikaionja, ni chungu.”

Ilinipasa nimsikilize, lakini nilimkatiza. Nikamsomea hotuba nzima juu ya kushukuru neema, nikamkumbusha kuwa wako watu wanaolala na njaa, na mwisho nikamwamuru azichemshe pamoja na maganda yake, kwa kuwa nilipata kusikia kuwa nguvu ya mbatata imo gandani. Yule mama hakujibu kitu. Alikwenda akazipika, akatia ukwaju na pilipili ili ule uchungu usisikike, na watoto wakala.

Walikula baada ya Magharibi. Ilipokaribia daku, mzazi wa kwanza akanigongea mlango. Kabla ya adhana ya Alfajiri walikuwa watoto tisa, wote wakitapika na kushikwa na msokoto wa tumbo, na wengine wakiharisha. Mmoja wao, binti wa miaka sita, alikuwa amelegea hata haitiki aitwapo. Tulimpeleka hospitali akatiwa maji kwa mshipa. Mganga aliponiuliza watoto wamekula nini, nilimtajia tende, nilimtajia uji, nilimtajia maji ya kisima, na mbatata sikuzitaja, kwa sababu haikunipitia kabisa akilini kuwa mbatata yaweza kudhuru. Ni mama mpishi aliyesimama nyuma yangu ndiye aliyesema.

Wote walipona, alhamdulillahi, na yule binti alirudi darasani siku ya tano. Siwezi kuapa mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa ni mbatata zilizowadhuru, kwa maana hapana aliyekipima kile chakula. Ninalolijua ni kwamba watoto waliokula uji na tende tu hawakuugua hata mmoja. Nilikwenda kwa baba wa binti yule nikamwomba radhi, kisha nikamwomba radhi mama mpishi, na hilo la pili ndilo lililonipa uzito zaidi, maana yeye alikuwa ameniambia.

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza. Mimi elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, wala sidai elimu ya madawa. Lakini mmoja wa vijana niliowasomesha alifu kwa ujiti leo ni bwana shamba, naye ana subira ya kumweleza mzee jambo moja mara tatu. Mengi ya haya yafuatayo nimeyapata kwake na katika maandishi aliyonisomea.

Kwanza yafaa tuijue mbatata yenyewe. Muhogo ni mzizi, na kiazi kitamu ni mzizi. Lakini mbatata si mzizi. Ni shina lililovimba chini ya udongo, na yale macho yake ni mahali pa kutoka matawi. Ndiyo maana ikitolewa ardhini ikapigwa na mwanga, iwe jua au taa ya dukani, yafanya kama lifanyavyo shina lolote: yageuka kijani ijiandae kuota. Rangi ile ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika mchicha na kisamvu, nayo haina sumu. Kama ingekuwa ni rangi peke yake, yule mama mkwe angekuwa amesema kweli.

Lakini mwanga ule ule unaoamsha rangi huamsha na kazi nyingine. Mmea huu hauna miguu ya kukimbia wala pembe za kujitetea, kwa hivyo umepewa uchungu. Hujitengenezea sumu mbili ambazo wataalamu waziita solanini na chakonini, ili wadudu na wanyama wasiitafune. Jamaa ya mbatata ni kubwa, na twaila kila siku: nyanya, bilingani, pilipili, na hata mnavu tuupendao sana sisi wa Tanga. Solanini yenyewe ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1820 katika matunda madogo ya mmea wa huko Ulaya ulio ndugu na mnavu. Basi si ajabu kwamba mbatata nayo ina urithi wa ukoo wake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, mmoja kwa upande huu na mwingine kwa upande ule. Rangi na sumu ni mambo mawili mbalimbali. Lililoyakutanisha ni mwanga. Yaweza kuwapo mbatata ya kijani yenye sumu kidogo, na yaweza kuwapo isiyo na kijani hata doa, nayo ina sumu nyingi, kwa sababu ilipigwa na kuchubuka njiani, au imekaa mno ikachipua. Wamarekani walipata kuzalisha mbegu mpya iliyoitwa Lenape, wakaitoa kwa wakulima mwaka 1967, nzuri sana kwa kukaanga. Mwaka 1970 ikaondolewa, kwa kuwa ilidhihirika kuwa ina sumu hizi kupita kiasi kwa asili yake. Hiyo haikuhitaji kupigwa na jua. Kwa hivyo ile rangi ya kijani tuifanye kama mlinzi apigaye kelele usiku. Mlinzi siye mwivi, lakini akipiga kelele huna budi kuamka utazame.

Sasa sumu iko wapi? Haikuenea sawasawa. Katika nyama ya ndani ya mbatata nzuri hupatikana kiasi cha miligramu 12 mpaka 50 katika kilo moja, nacho ni kidogo, tumbo halina habari nacho. Katika ganda hufika miligramu 300 mpaka 600 kwa kilo. Katika yale machipukizi meupe au ya zambarau yatokayo machoni, hufika 2,000 mpaka 4,000. Angalia tofauti hiyo, msomaji! Kwa hivyo mimi niliyeamuru mbatata za kijani zipikwe na maganda yake nilikuwa nimewapakulia watoto mahali palipokuwa na sumu nyingi, huku nikijiona nawahifadhia nguvu.

Kanuni inayofuatwa na nchi nyingi ni kuwa mbatata isizidi miligramu 200 kwa kilo moja. Na taasisi ya Umoja wa Ulaya inayoangalia usalama wa chakula iliyapima mambo haya mwaka 2020, ikasema kuwa madhara yaweza kuanza mtu akila miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake. Tufanye hesabu ndogo kama tufanyavyo katika mirathi. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 14 humtosha miligramu 14. Mbatata ikifika ile 200 kwa kilo, miligramu 14 zimo katika gramu 70, yaani mbatata moja iliyozidi yai la kuku kidogo tu. Baba yake mwenye kilo 70 atahitaji mbatata tano kama hiyo. Basi wakiketi sahani moja wakala sawa, baba ataamka akasali Alfajiri bila habari, na mtoto ndiye atakayepelekwa hospitali, na watu watasema: “Haiwezi kuwa chakula, mbona baba yake ni mzima?” Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu usiku ule, tena kwa mtu aliyekula sufuria ile ile.

Mama mkwe asema moto hushinda kila kitu. Neno hili latoka katika mazoea ya kweli, nami simlaumu. Muhogo mchungu una sumu kali kuliko hii, na mababu zetu waliijua dawa yake: kuuloweka, kuuvundika, kuuanika juani. Muhogo ukitendewa hayo ipasavyo sumu yake hutoka, kwa kuwa nyingine hutoka na maji na nyingine huruka hewani. Na maharagwe yakichemka sana hupoteza ubaya wake. Mtu aliyekulia katika elimu hiyo ya jikoni ana haki ya kudhani kuwa mbatata ni hivyo hivyo. Lakini mbatata ni mgeni. Asili yake ni milima ya Peru, Wahispania wakaipeleka Ulaya katika karne ya 16, na kwetu Afrika ya Mashariki imeletwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19. Muhogo tumekaa nao muda mrefu zaidi, tukafundishana adabu zake. Mbatata tumeipokea, tukaila, na adabu zake hatukuziuliza.

Adabu yake kubwa ni hii, kwamba sumu yake haitoki kwa kuchemshwa. Maji yachemka kwa nyuzi 100 za joto, na solanini haitikisiki kwa joto hilo. Mafuta ya kukaangia yakifika nyuzi 170 huanza kuivunja kidogo, si kwa kiasi cha kukupa amani. Kuyamwaga maji ya kuchemshia ni vizuri, ila usidhani kuwa sumu yote imemwagika nayo. Wala ukwaju, limau na pilipili haziiondoi. Hizo huuficha uchungu tu, nao uchungu ndio onyo tulilopewa. Urojo wetu nasikitika kuutia katika habari hii, maana naupenda, lakini ni chakula ambacho mbatata mbovu yaweza kupita ndani yake bila ulimi kujua.

Mtu asidhani kuwa haya ni ya watoto wa madrasa yetu peke yao. Mwaka 1918, katika mji wa Glasgow, watu 61 wa nyumba 18 waliugua kwa mbatata mbaya, akafa mtoto mmoja wa miaka mitano. Na mwaka 1979 madaktari wa Uingereza waliandika habari za shule moja ya wavulana kusini-mashariki mwa London. Wavulana 78 waliugua baada ya chakula cha mchana shuleni, na 17 wakalazwa hospitali. Ugonjwa haukuanza mezani, ulianza saa kadhaa baadaye: kutapika, kuharisha, tumbo, na wengine wakachanganyikiwa. Ilipochunguzwa, shaka ikaangukia gunia la mbatata lililosalia tangu muhula uliotangulia, likakaa likizo nzima. Wote walipona. Bwana shamba aliponisomea habari hiyo nilimwomba arudie pale penye gunia lililosalia.

Maradhi ya namna hii ni machache, wala sitaki mtu afunge chakula kwa hofu. Mamilioni ya watu hula mbatata kila siku wakawa salama. Lakini hapana shaka kuwa yako matumbo mengi yanayosingiziwa maji, au samaki, au jicho la hasidi, na hali mbatata imekaa kimya pembeni.

Sasa tuje kwenye israfu, maana naona ndiyo iliyomkosesha mama huyu usingizi kuliko sumu.

Tumeamrishwa tule kilicho halali, na pamoja na kuwa halali kiwe ni kizuri. Mbatata ni halali, lakini ikishakuwa na madhara, uzuri wake umekwisha, na mwenye kuitupa hakutupa chakula tena. Israfu ilikuwako, sikatai, ila si siku ya kutupa. Ilikuwa siku ile liliponunuliwa gunia kwa nyumba ya watu saba, kwa sababu tu bei yake ilikuwa nafuu. Ikazidi siku lilipowekwa barazani, mdomo wazi, na hapana aliyelifunika hata kwa kipande cha turubai. Na yangu mimi ilikuwa kubwa zaidi, maana sadaka ya mtu niliiweka dirishani, kisha nikaja kumhutubia mpishi.

Na wauzaji nao wana sehemu yao. Mbatata zetu aghalabu zateremka kutoka Lushoto, zapita Soni na Mombo, zaja hapa mjini. Mkulima mwema huzipandishia udongo shinani shambani ili jua lisizifikie, na kazi hiyo yote yaweza kuharibiwa kwa siku chache sokoni, zinapopangwa mafungu juani tangu asubuhi hadi jioni. Wako wauzaji wanaozifunika kwa gunia na kufunua kidogo tu kwa mnunuzi, Mungu awabariki. Wako na wengine wanaojua kabisa ni zipi zimegeuka, wakazitia chini ya ndoo na kupamba juu kwa nzuri. Wasomaji wengi waijua habari ya Mtume, sala na salamu zimshukie, alipopita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta umajimaji, akamuuliza mwenyewe kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona. Yule mtu wa lundo angeweza kujitetea kuwa nafaka iliyolowa haiui. Muuzaji wa mbatata za kijani hana hata utetezi huo.

Haya, mama, sasa nakujibu kama ungekuwa umekuja na kapu lako hapa barazani.

Zimwage zote chini uzitazame moja moja mahali penye mwanga mzuri. Iliyo ngumu, isiyo na kijani wala chipukizi, iweke kando, hiyo ni chakula. Yenye doa dogo la kijani, na mwili wake ungali mgumu, imenye ganda nene, ukate doa lile pamoja na nyama iliyo chini yake mpaka uone nyeupe au manjano tupu, na kila jicho ulichimbe kwa ncha ya kisu. Hiyo mtu mzima aweza kuila. Ile ambayo kijani kimeizunguka, au ukiikata waona kijani kimeingia ndani, au imenywea na kuwa laini huku imejaa machipukizi, usijitaabishe kuimenya, itupe. Na kwa yule mdogo wa miaka mitatu usitumie zenye doa kabisa. Mpikie katika zile safi, tena umenye.

Ukishapika, onja wewe kwanza kabla ya kutia viungo. Ikiwa chungu, au yaacha mwasho na kama moto kooni, sufuria nzima haina dawa. Usiongeze chumvi, usitie nazi. Imwage. Na wale vijana wa chipsi, ikiwa mmoja wenu ni kijana wangu wa zamani asomaye ukurasa huu, namwomba aache kumenya kwa haraka akiyaacha macho, na asiyarudie mafuta yale yale siku nenda siku rudi, maana sumu hii hutoka kidogo katika mbatata ikabaki katika mafuta.

Zile nzuri ziweke mahali pa giza, pakavu, penye ubaridi na hewa. Gunia la katani lililofungwa mdomo au kapu lililofunikwa nguo nzito yafaa. Mfuko wa plastiki haufai, kwa kuwa hutunza unyevu zikaoza. Usizioshe ila siku ya kupika. Na katika joto letu hili la Tanga nunua za juma moja, uwaachie wenye mahoteli magunia yao.

Mtoto akitapika na kuharisha baada ya chakula kama hicho, mnyweshe kidogo kidogo yale maji ya pakiti ya chumvi na sukari itolewayo zahanati. Lakini akiwa hakibakishi chochote tumboni, au amelegea, au ana usingizi usio wa kawaida, au aweweseka, usingoje kupambazuke. Mpeleke, na useme alikula nini, pamoja na lile unalodhani halina maana.

Kuhusu mkweo, nakusihi usizitupe mbele ya macho yake kwa hasira, wala usimpelekee ukurasa huu kama hati ya hukumu. Yeye amelea watoto kabla yako, na elimu yake ya muhogo ni ya haki. Keti naye, chukua mbatata moja nzuri na moja ya kijani, uzichemshe mbalimbali, umkatie kipande kidogo cha kila moja aguse kwa ulimi na kutema. Mwambie: “Mama, naomba uniambie hii ina nini.” Naamini atakujibu mwenyewe, na pengine atakuambia kuwa hata muhogo mchungu hujulikana hivyo hivyo. Mpishi wetu hakuwa amesoma habari za solanini mahali popote. Ulimi wake ulimtosha.

Mtu mwingine atauliza, je, mbatata iliyochipua haiwezi kupandwa? Yaweza. Kwa hakika wakulima wa milimani huzianika mbegu zao kwa makusudi katika vibanda vyenye mwanga hafifu, ziwe kijani na zitoe machipukizi mafupi yenye nguvu. Uchungu ule ule unaotudhuru huwakimbiza wadudu. Hapo rangi ya kijani ni sifa. Lakini joto la huku chini haliipendezi mbatata, wala usiwapelekee jamaa zako wa Lushoto zile za sokoni wapande, maana huenda zina ugonjwa wa mnyauko, ukawaharibia shamba zima kwa nia njema.

Limebaki swali lako la mbuzi, nalo wengi hulipuuza. Mbuzi naye ana tumbo, na sumu hii haibagui. Maganda ya mbatata safi mpe kidogo pamoja na majani mengine. Lakini maganda ya kijani, machipukizi na zile mbovu usimpe, hasa akiwa na mimba, wala ng'ombe usimpe. Hata kuku atazidonoa ukizitupa uani. Chimba shimo nyuma ya nyumba, uzifukie kina cha kutosha zisiote, na watoto wasije wakazichezea.